Gabbar Is Back

Gabbar Is Back ni filamu ya Kihindi ya mapigano iliyotoka mwaka 2015, ikiongozwa na Krish. Akshay Kumar anaigiza Aditya, mhadhiri aliyefiwa na mkewe jengo lilipoporomoka. Akisaidiwa na waliokuwa wanafunzi wake, anateka maofisa wala rushwa na kumuua aliyekubuhu kuliko wote. Jina analojiita ni la Gabbar Singh, jambazi wa Sholay (1975): safari hii mhalifu ndiye mtetezi wa wanyonge. Onyesho kali zaidi la filamu hii halina hata ngumi. Aditya anapeleka maiti hospitalini, na madaktari wanajifanya wanamtibu ili watoze pesa. Hadithi imetokana na Ramanaa (2002), filamu ya Kitamil ya A. R. Murugadoss.