Mwandishi wa Sayansi na Siri ya Atomiki

Wataalamu wana lugha yao, na sisi watu wa kawaida tuna yetu. Katikati panatakiwa mkalimani. Ndiyo kazi ya mwandishi wa habari za sayansi: huwaendea wataalamu, huwauliza, kisha hutueleza kwa maneno mepesi. Karibu naye yuko mtu mwingine, yaani msemaji wa wataalamu. Huyu naye huandika habari zile zile, lakini kwa amri ya wale waliomweka kazini. Kazi hizi mbili zafanana kama mapacha, ila bwana wao si mmoja. Maisha ya William Laurence yatuonyesha hatari ya kuzichanganya. Tena yatuhusu sisi watu wa Kongo, maana habari kubwa kuliko zote alizoandika ilianzia katika udongo wetu.

Laurence alizaliwa Lituania mwaka 1888, akahamia Marekani mwaka 1905, akasoma chuo cha Harvard. Mwaka 1930 gazeti la The New York Times lilimpa kazi ya kuandika habari za sayansi. Wakati ule waandishi wa namna hiyo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1934 yeye na wenzake 11 wakaunda chama chao, na mwaka 1937 alipata tuzo ya Pulitzer pamoja na wenzake 4. Tarehe 5 Mei 1940 gazeti lake likachapa, kwenye ukurasa wa kwanza, habari yake juu ya madini ya urani. Aliwaeleza wasomaji kwamba ndani yake mna nguvu ya kutisha, na kwamba Wajerumani wanaitafuta. Hapo alikuwa mkalimani wa kweli.

Urani bora kuliko yote ilitoka Shinkolobwe, karibu na mji uitwao leo Likasi, katika Katanga. Mawe mengine ya pale yalikuwa na urani hata 65 katika mia, hali machimbo mengi ya nchi nyingine hayakufika hata 1. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Mwezi wa Septemba 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilipatana kwa siri juu ya urani ya Kongo. Wachimbaji wetu hawakuambiwa jiwe lile litafanya kazi gani.

Katika mwaka 1945 Jenerali Leslie Groves, mkuu wa kazi ya bomu, alikwenda ofisini kwa gazeti akamwomba Laurence. Alihitaji mtu ajuaye kueleza mambo magumu kwa watu wengi. Laurence akakubali. Mshahara wake uliendelea kutoka gazetini, lakini maandishi yake yakawa ya jeshi. Kabla ya jaribio la tarehe 16 Julai katika jangwa la New Mexico, alitayarisha matangazo ya namna mbalimbali, kila moja kwa tokeo lake. Lile lililotolewa lilisema kwamba ghala la baruti limelipuka. Basi mwenye kufunua siri za sayansi alikuwa sasa mwenye kuzifunika.

Tarehe 9 Agosti alipanda ndege mojawapo ya zile zilizokwenda Nagasaki. Katika habari yake alijiuliza kama yafaa kuwahurumia watakaokufa, akajibu kwamba sivyo, akikumbuka Pearl Harbor. Chini ya ndege zile palikuwa na Urakami, mtaa wa Wakristo. Katika kanisa kuu mapadri walikuwa wakiungamisha. Wao na waamini waliokuwamo wote walikufa. Yakadiriwa kwamba katika waamini 12,000 wa parokia ile walikufa 8,500.

Baadaye Wilfred Burchett, Mwaustralia, alifika Hiroshima. Tarehe 5 Septemba gazeti la Daily Express la London likachapa habari yake, kwamba watu wasio na jeraha wanazidi kufa. Siku 4 baadaye Groves aliwachukua waandishi mpaka mahali pa jaribio, ili kuonyesha kwamba hapana mionzi ya hatari. Laurence alikuwamo. Tarehe 12 aliandika kwamba habari za Wajapani ni uongo wa propaganda. Lakini wagonjwa wale hawakuwa propaganda. Mwaka 1946 alipata tena tuzo ya Pulitzer.

Huko Nagasaki daktari Takashi Nagai, Mkatoliki na mtaalamu wa mionzi, alifiwa na mke wake, akawauguza wengine ingawa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa na amejeruhiwa. Aliandika kitabu juu ya hayo, lakini wakubwa wa Marekani waliotawala Japani hawakuruhusu kichapwe mpaka mwaka 1949. Alikufa mwaka 1951. Naye alijua sayansi, lakini aliiandika akiwa kando ya vitanda vya wagonjwa.

Tusimhesabu Laurence kuwa mjinga au mvivu. Alijua kazi yake kuliko wengi, na hapo ndipo palipo fundisho. Wahenga walisema: mshika mbili, moja humponyoka. Alipoishika siri ya jeshi, haki ya wasomaji wake ilimponyoka. Kuwa msemaji wa maabara, wa hospitali au wa kampuni si dhambi. Ni kazi halali, mradi atangaze wazi ni nani aliyemtuma.

Vijana mnaotamani kazi ya kalamu, jifunzeni sayansi sana, maana nchi yetu yawahitaji wakalimani. Nasi wasomaji, tukiletewa habari za dawa mpya au madini mapya, tuulize maswali matatu: Nani amemlipa mwandishi? Nani amekatazwa kusema? Na wale walioumia, nani amekwenda kuwasikiliza?