Orodha ya Kanner

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wengi huikumbuka makala ile kwa kuwa ndiyo iliyoutambulisha usonji kwa madaktari. Mimi mchora ramani huirudia kwa ajili ya vitu vilivyowatisha watoto wale: lifti, maji ya bomba, mashine ya kufyonza vumbi, mashine ya kupigia mayai, hata upepo. Tena aliona kwamba samani ikihamishwa tu, mtoto huvurugika. Hapo ramani imeshaanza kuchorwa, ila hakuna aliyeipeleka kwa mjenzi.

Kilichofuata kinaniudhi hadi leo. Badala ya kuchunguza kuta, wakubwa wa fani wakamchunguza mama. Bruno Bettelheim wa Chicago aliwaaminisha watu kwamba usonji unatokana na ubaridi wa wazazi, na katika shule yake ya bweni wazazi wakawekwa kando.

Eric Schopler, aliyesoma Chicago na kuujua mtindo huo kwa karibu, aliukataa. Mpango wake wa TEACCH, ulioanza North Carolina mwaka 1972, uliwafanya wazazi kuwa walimu wenza. Darasa likagawanywa kwa makabati na mazulia: hapa pa kucheza, pale meza ya mtoto peke yake imeelekea ukutani, na picha za kumwonyesha kinachofuata. Hapakuhitajika mkandarasi.

Wasanifu majengo walichelewa mno. Magda Mostafa wa Cairo, alipotakiwa kusanifu kituo cha watoto wenye usonji, hakupata mwongozo wa kufuata. Akawauliza walimu na walezi ni kitu gani cha jengo kinachowaathiri zaidi watoto. Sauti ikaongoza. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2008, ulijaribu chumba cha mazoezi ya kuzungumza kilichozibwa kelele na darasa lililogawanywa vijisehemu, na utulivu wa watoto ukaongezeka. Ninachompendea zaidi ni tahadhari yake: usimzoeze mtoto kimya kitupu, maana nje kuna soko na honi. Vyumba vipishane viwango vya sauti, avipande kidogo kidogo. Baadaye aliyakusanya mawazo yake katika vigezo saba, kimojawapo kikiwa pembe ya kujitenga mtoto anapozidiwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Dublin City kilitoa mwongozo wa majengo alioutayarisha yeye.

Kwetu huku madarasa mengi yameezekwa bati tupu. Mvua ya masika ikishuka, mwalimu mwenyewe hasikiki. Sembuse mtoto ambaye tone moja la bomba linamtosha! Kamati ya shule inayokusanya michango ya rangi na maua, tafadhali, anzeni na dari. Na kabla fundi hajapiga msumari, mwiteni mama wa mtoto, mumuulize mwanawe hukimbia sauti gani.