Sauti za Wanawake katika Roki ya Kujitegemea: Habari za Olympia

Olympia, makao makuu ya Jimbo la Washington huko Marekani, ni mji mdogo; lakini una chuo, The Evergreen State College, na mwaka 1982 ilianzishwa humo K Records, kampuni ya kutoa santuri na kaseti pasipo kutegemea makampuni makubwa. Kwa hiyo vijana wa hapo walizoea kuamini kwamba mtu aweza kupiga muziki bila ya kungoja ruhusa ya wakubwa. Hata hivyo uhuru huo ulikuwa zaidi wa wanaume. Mbele ya jukwaa walijazana wavulana wakicheza kwa kusukumana, na wasichana, kwa kuogopa kuumizwa, walisimama nyuma.

Mwaka 1990 Kathleen Hanna, Tobi Vail na Kathi Wilcox, pamoja na mwanamume mmoja, Billy Karren, waliunda kikundi cha Bikini Kill. Hanna hakuimba kwa sauti ya kubembeleza. Mara aliiga sauti ya mtoto, mara alipaza sauti hata ikakwaruza, akataja wazi mambo ambayo desturi iliyataka yafichwe: kupigwa, kunajisiwa, kuonewa nyumbani. Tena aliwataka wanaume warudi nyuma ili wanawake wasogee mbele. Mwezi wa Agosti 1991, K Records ilipofanya mkutano mkubwa wa muziki mjini humo, usiku wa kwanza uliwekwa kwa ajili ya wanawake. Nao Bratmobile na Heavens to Betsy walipiga usiku huo.

Jambo la kuangaliwa sana na wenye kuchunguza lugha ni jina walilojiita. Neno la Kiingereza “girl”, ambalo pengine hutumiwa kumdunisha mwanamke mzima, liliandikwa “grrrl”, hata likanguruma kama mnyama aliyechokozwa. Tahajia hiyo haikutoka shuleni. Ilitoka katika vijarida vilivyonakiliwa kwa mashine na kupelekwa kwa posta, kama vile Jigsaw cha Vail na Girl Germs cha Allison Wolfe na Molly Neuman wa Bratmobile. Msichana aliyesikia kaseti mji wa mbali aliandika barua, kisha akatunga kijarida chake mwenyewe, na pengine akashika gitaa. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya sauti hizo: hazikumtaka msikilizaji asifu tu, zilimtaka ajibu.

Harakati hiyo ilikuwa na kasoro zake. Wengi wao walikuwa weupe waliosoma, na wasichana weusi hawakukosa kulalamika kwamba machungu yao hayakupewa nafasi. Tena magazeti makubwa yalipoanza kuandika zaidi habari za mavazi yao kuliko za maneno yao, wengi walikataa kuhojiwa. Na waliponyamaza, wengine wakawasimulia.

Lakini mbegu ilikwisha kuota. Corin Tucker wa Heavens to Betsy na Carrie Brownstein waliunda Sleater-Kinney mwaka 1994, nayo santuri yao Dig Me Out ikatoka mwaka 1997. Mwaka 2001 ilianza mjini Portland kambi ya kuwafundisha wasichana kupiga roki. Na vile vijarida vya kunakiliwa, vilivyodhaniwa takataka, leo vimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha New York, ambako watafiti huvisoma kama hati nyingine za historia.