Akina mama wahamiaji wa Geita na Kahama

Akina mama wahamiaji wa Geita na Kahama ni wanawake, wengi wao Wasukuma, walioanzisha kaya katika mapori ya magharibi mwa Usukuma, hasa kuanzia miaka ya 1940. Wajukuu na vitukuu wao wamejaa leo kuanzia vijiji vya Geita hadi mitaa ya Nyasubi, kata ya mjini Kahama. Habari za uhamiaji huo zimeandikwa zaidi kwa upande wa ng'ombe, pamba na machifu, na mama hutajwa pamoja na watoto na mizigo. Hapo pana upungufu, kwa sababu pori lilifyekwa kwa msimu mmoja au miwili, lakini kulifanya makazi kulichukua miaka, na sehemu kubwa ya kazi ya miaka hiyo ilikuwa ya mama.

Sababu ya kuhama ilikuwa ardhi. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, kilimo cha pamba kikapanuka, na wilaya za Kwimba, Maswa na Shinyanga zikabanana kwa watu na mifugo. Shinyanga yenyewe ilikuwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na tangu miaka ya 1920 wananchi waliitwa na machifu wao kufyeka vichaka ili mdudu huyo akose kivuli. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, ambao pamoja na mengine ulifungua Geita kwa wahamiaji. Eneo hilo liliitwa pori, lakini lilikuwa na wenyewe: Wazinza upande wa Geita, Wasumbwa na Wanyamwezi upande wa Kahama.

Kwa kawaida wanaume na vijana walitangulia kufyeka na kusimamisha nyumba ya kwanza, kisha mama akafuata na watoto, mbegu, vyungu na kuku. Palipokuwa na mbung'o wengi, ng'ombe waliachwa kwanza kwa ndugu. Maana yake ni kwamba mama alianza maisha bila maziwa, bila samadi, na mtoto mchanga mgongoni. Kilichovusha kaya hadi mavuno ni akiba aliyoiandaa yeye: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa, vilivyochemshwa kwanza, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Mihogo ilikaa ardhini kungojea mwaka wa njaa. Maji yalitoka kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono, na kiangazi foleni ilianza kabla ya alfajiri. Penye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba na mashamba yake, na watoto wake ndio nguvukazi yake.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba watu wa kule walipenda tu kuzaa. Mvulana mdogo alichunga, msichana alichota maji, alitwanga na kulea wadogo zake, na wote waliingia shambani kupalilia na kuchuma pamba. Binti alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walimwezesha kaka yake kuoa. Na vifo vya watoto vilikuwa vingi, kwa hiyo hakuna mama aliyehesabu watoto wake kwa uhakika. Majina yao yalitunza kumbukumbu za kaya: Kulwa na Doto ni pacha, Shija ndiye aliyewafuata, Mabula au Kabula alizaliwa wakati wa mvua.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilivuruga mpangilio huo. Kaya zilizokuwa zimetawanyika katikati ya mashamba yake zilisogezwa barabarani, na mwendo wa kwenda shambani, kisimani na kwenye kuni ukaongezeka. Familia nyingine zilihama tena, kuelekea Rukwa, Usangu na Kilombero.

Dhahabu ilileta wimbi jingine. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ulirudi Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009. Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walikuwa wameondolewa mwaka 1996. Mkoa wa Geita ulihesabiwa kuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012 na 2,977,608 mwaka 2022. Kwa mama wa mjini Kahama, shamba la kufungua sasa ni genge, biashara ya mchele au vyumba vya kupangisha, na watoto wake wanahitaji ada kuliko majembe. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, yamempunguzia kazi kuliko pengine jambo lolote lililotajwa hapa.

Uzee wa waanzilishi hao ni sura chungu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na katika Shinyanga, Mwanza na Geita vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma hizo, mara nyingine palipokuwa na ugomvi wa ardhi. Mjane naye hakuwa salama. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane urithi wa mali ya mumewe, likimwelekeza kwa watoto wake au kwa ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi, lakini kanuni za urithi hazikuguswa. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa majumbani mwao na shemeji zao, walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi ila ikakataa kuzifuta, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015 kwamba Tanzania ilivunja haki zao, ikaitaka nchi ibadili sheria hizo.