Tuzo ya Ugenini katika Mahakama za Nyumbani

Sheria ya usuluhishi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1931 ilifuata Itifaki ya Geneva ya 1923 na Mkataba wa Geneva wa 1927. Chini ya Mkataba huo, mwenye tuzo alipaswa kwanza kuthibitisha kuwa imekuwa ya mwisho huko ilikotolewa, ndipo aombe ikaziwe hapa. Kwa vitendo, alibisha hodi katika mahakama mbili.

Mkataba wa New York wa 1958 uliondoa mzigo huo. Mahakama haisikilizi shauri upya. Huweza kuikataa tuzo kwa sababu chache tu, kama vile mdaiwa kutopewa taarifa ipasavyo. Jamhuri ya Muungano ilijiunga nao mwaka 1964, lakini sheria yetu ilibaki na Geneva hadi ilipotungwa nyingine mwaka 2020.

Hapo ndipo mfasiri anapoingia, kwani Kifungu cha IV kinadai tuzo iliyoandikwa kwa lugha isiyo rasmi nchini iambatanishwe na tafsiri iliyothibitishwa. Je, kwa istilahi zipi? Sheria ya 2020 hujulikana kama Sheria ya Usuluhishi. Lakini katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, "usuluhishi" ni kupatanisha tu, na mtoa tuzo ni "mwamuzi". Mpatanishi hamlazimishi mtu, mwamuzi humfunga. Aliyeshindwa naye hukabidhiwa "tuzo", ambayo kwa wengi ni zawadi! Sisi tungechagua "uamuzi", ijapokuwa mahakimu nao hulitumia neno hilo kila siku.