Mitaala ya vyuo vikuu na mahitaji ya viwanda: nani anaamua kinachofundishwa?

Mzazi anauza ng'ombe, mtoto anakwenda chuo kikuu. Baada ya miaka mitatu au minne anarudi na shahada, lakini waajiri wanasema hajui kazi. Tatizo liko wapi, na linarekebishwaje?

Mtaala unapitia wapi?

Nchini Tanzania, kila chuo kikuu huandaa mtaala wake na kuuwasilisha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005. Chuo hudahili wanafunzi baada ya programu kuidhinishwa.

Viwanda vinaingia wapi?

Mwaka 2021 ulianza mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Lengo lake mojawapo ni kuoanisha masomo ya kipaumbele na soko la ajira. Vyuo vinavyoshiriki hupitia upya mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Mhandisi wa kiwanda cha sukari, kwa mfano, anaweza kueleza mitambo inayotumika sasa na mahali wahitimu wanapokwama.

Je, hilo linatosha?

Hapana. Mtaala mpya bila karakana, maabara na walimu wanaoijua kazi hubaki kwenye karatasi. Mwanafunzi anayepelekwa kiwandani kwa mafunzo kwa vitendo, kisha akaishia kutumwa chai, harudi na ujuzi. Vilevile, mashine hubadilika. Aliyefundishwa mashine moja tu atakwama ikija nyingine, ndiyo maana hesabu, sayansi na uwezo wa kujieleza haviwezi kuachwa.

Uliza nini kabla ya kuchagua kozi?

- Je, programu hiyo imo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu?
- Mtaala ulipitiwa lini, na waajiri gani walishirikishwa?
- Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi, na hufanyika wapi?
- Waliohitimu kozi hiyo wanafanya kazi gani sasa?

Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakujibu. Kikishindwa, fikiri tena kabla ya kulipa ada.