Miamala ya wahusika wenye uhusiano
(katika kampuni ya ununuzi)

Biashara baina ya kampuni na waasisi, wakurugenzi au jamaa zao. Kampuni ya ununuzi huuza hisa kwanza, kisha hutafuta biashara ya kuungana nayo. Waasisi kwa kawaida hulipa dola 25,000 na kupata takriban asilimia 20 ya hisa. Pia huikopesha kampuni na kuitoza pango la ofisi. Muungano usipofanyika, hisa zao hukosa thamani. Hivyo wanahisa huelezwa maslahi hayo kabla ya kupiga kura.

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania iliguswa na muungano wa aina hii Julai 2023, kampuni ya ununuzi ya GoGreen Investments ilipoungana na Lifezone Metals, yenye mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara. Serikali ya Tanzania ina asilimia 16 ya Tembo Nickel, kampuni ya mradi huo.